Simu Zilizokataa Kuhama

Marahaba, vijana. Nimepokea salamu zenu na swali lenu pia, lile mliloliandika kwa herufi kubwa kana kwamba mimi ni kiziwi: mfumo endeshi wa kompyuta au wa simu ukidai kwamba unafuata viwango vya mtandao, fundi auamini? Mlitaka jibu fupi. Jibu fupi ninalo, lakini nikilitoa hivihivi mtaondoka mkidhani nilizaliwa nalo. Nililipata baada ya kuaibika mbele ya masista, madaktari, na padre mmoja aliyekuwa madhabahuni akisoma Misa.

Kwa wasionijua, jina langu ni Agripina, naishi Mlabani, hapa Ifakara, na kabla ya kustaafu nilikuwa fundi wa mtandao katika hospitali moja ya misheni hapa bondeni. Hospitali nzima waliniita Mama Netiweki. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyoonyesha. Mtandao ukifanya kazi vizuri nilipita koridoni taratibu ili watu wapate nafasi ya kuniita. Ukikatika, nilipitia nyuma, kwenye kamba za kuanikia mashuka.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mwalimu Otmari, mzee mrefu kutoka Mahenge ambaye mifuko yake ya koti ilijaa karanga na koleo za kubania nyaya, na wakati mwingine alitoa kimoja akidhani ni kingine. Ndiye aliyenisomesha hati za viwango, zile ambazo mafundi wa dunia wamekubaliana ndani yake namna mashine zitakavyosalimiana, zitakavyoulizana na zitakavyoagana. Aliniambia jambo moja ambalo nililiitikia kwa kichwa bila kulielewa: hati itakueleza mashine inapaswa kufanya nini; ukitaka kujua inafanya nini, kaa usikilize waya. Mimi nilishika hilo la hati. La kusikiliza waya niliona ni mazungumzo ya wazee.

Niwape mfano wa jinsi nilivyokuwa nashika. Zahanati moja ya huko kijiji cha Mbingu ililetewa kompyuta mpya zenye mfumo mpya kabisa. Zikagoma kupata anwani ya mtandao kutoka kwenye rauta yao ya zamani. Kompyuta kuukuu iliyokuwa pembeni ilipata bila shida. Nikaamua palepale kwamba mfumo mpya ni mbovu, nikawaambia hivyo wauguzi wa zahanati kwa sauti ya mtaalamu, nikarudi Ifakara kuchukua kompyuta kuukuu nyingine. Ilikuwa masika. Niliifunga kompyuta kwenye nailoni, nikapanda bodaboda, na mahali fulani kabla ya kufika barabara ikatushinda, tukaishia kwenye jaruba la mpunga, mimi, dereva na kompyuta. Mwenye shamba alitusaidia kutoka, lakini alitaka kwanza kujua kama hiyo tuliyobeba ni televisheni.

Mwalimu Otmari alipokwenda mwenyewe hakubeba kompyuta yoyote. Aliunganisha laptopu yake, akasikiliza. Kumbe kompyuta mpya ilikuwa inamwambia rauta: sina anwani bado, kwa hiyo nijibu kwa sauti ya wote ili nami nisikie. Hati inaruhusu kabisa kompyuta kuomba hivyo. Rauta ndiyo iliyoendelea kujibu kwa kunong'ona, na kompyuta haikusikia kitu. Mfumo nilioutukana wiki nzima ulikuwa unafuata kiwango neno kwa neno, na rauta niliyoisifu ndiyo iliyokuwa kaidi. Wakabadilisha rauta, kazi ikaisha. Mimi nilibaki na matope kwenye sare.

Mngedhani nilijifunza. Nilijifunza, ila somo lisilo sahihi. Nilitoka Mbingu nikiamini kwamba kilicho kipya kinafuata viwango na kilicho cha zamani ndicho kinachosumbua. Kwa imani hiyo nikaingia kwenye zama za simu za kupangusa.

Simu hizo zilipoanza kufika hospitalini nikawa mhubiri wake. Kulikuwa na aina moja niliyoipenda mno. Sitaitaja, maana kampuni yenyewe ina mawakili na mimi nina kuku tu. Nilimwambia kila aliyeniuliza anunue ile, mfumo wake ni wa kisasa, unafuata viwango vyote. Wauguzi wakanunua, madaktari wakanunua, padre wetu wa hospitali, Padre Severini, akanunua. Na mimi nilikuwa nayo, nikiishika hata pale isipohitajika.

Sasa sikilizeni jambo moja la ufundi, halina ugumu. Anwani kwenye mtandao kama wetu haikuwa mali ya mashine. Mashine ilipangishwa, kama mtu anavyopangishwa chumba. Kulikuwa na seva inayogawa anwani, kazi ambayo ninyi mnaiita DHCP, na kila mashine ilipewa anwani pamoja na muda wake. Muda ukikaribia kuisha, mpangaji anaomba kuongezewa. Akishindwa kuongezewa na muda ukaisha, anatoka. Hati ya viwango haina huruma hapo: muda ukiisha, mashine iache kuitumia anwani hiyo mara moja, isitume hata neno moja kwa kuitumia.

Simu zilipokuwa nyingi, anwani zikaanza kupungua. Ningeweza kupanua nyumba, yaani kuongeza vyumba, lakini hilo lilitaka nipite kwenye kila mashine ya hospitali, na mimi nilipenda ufundi wa kukaa kwenye kiti. Kwa hiyo nikafupisha muda wa kupanga. Anayeondoka aondoke haraka, mwingine aingie. Nilijiona nina akili nyingi. Na katika hiyo hiyo nyumba ya wapangaji nikawa nimeiacha kompyuta ya maabara, inayopeleka majibu ya vipimo wodini, ipange pamoja na simu za watu.

Shida ikaanza kwa kujificha. Asubuhi nyingine majibu ya maabara hayafiki wodini. Bwana Kasiani, mkuu wa maabara, mtu mnene mwenye goti bovu, ananipigia simu. Naenda, nazima kompyuta, nawasha, majibu yanapita. Naondoka nikiwa nimeitwa Mama Netiweki mara kadhaa. Saa chache baadaye, tena.

Nikashuku panya. Nikashuku kebo, nikabadilisha za jengo zima, na aliyekuwa juu ya ngazi ni mimi mwenyewe na uzito wangu. Nikashuku jiko la umeme la kupashia chakula la masista, nikaomba lizimwe, na kwa wiki ile masista walikula viporo vya baridi kwa utii wa kidini ambao sikustahili. Wakati wote huo sikuishuku mifumo. Mifumo ilikuwa mipya.

Kisha siku moja kompyuta ya maabara ikatoa ujumbe mdogo kwenye kona: kuna kifaa kingine kinachotumia anwani yako. Nikasoma mara mbili. Kwa akili yangu kulikuwa na maelezo ya aina moja tu. Mfumo hauwezi kukosea, kwa hiyo kuna binadamu anayeandika anwani ya maabara kwa mkono kwenye laptopu yake, kwa makusudi. Nilikwenda kwenye kikao cha wakuu wa idara nikasimama, nikawaambia kwamba ndani ya hospitali hii kuna mwizi wa anwani. Sista Imelda, msimamizi wa hospitali, aliniuliza mwizi huyo anafaidika nini. Sikuwa na jibu, lakini nilijibu kwa muda mrefu. Mwisho wa kikao laptopu zote za watu binafsi zilikuwa zimefungiwa kabatini na ufunguo ulikuwa shingoni kwangu, na kuanzia siku hiyo mezani kwenye chai nilikaa peke yangu.

Hapo ndipo alipoletwa mtoto.

Alikuwa msichana mdogo, ameletwa na bibi yake kutoka upande wa Mbingu, malaria imemla damu mpaka viganja vimekuwa vyeupe. Daktari aliagiza damu ipimwe na itafutwe inayofanana naye. Bwana Kasiani alifanya kazi yake haraka. Damu ilipatikana, majibu akayaingiza kwenye kompyuta, akayatuma. Wodini daktari alikuwa amesimama mbele ya kioo cha kompyuta akisubiri kimpe ruhusa, na kioo kilikuwa kinazungusha kile kiduara cha kusubiri. Mimi nilikuwa palepale wodini. Nilibonyeza, nikabonyeza tena. Yule bibi alikuwa ananitazama mimi, si daktari, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nagusa mashine, na nadhani aliamini kwamba mjukuu wake yuko mle ndani.

Bwana Kasiani aliona kwenye kompyuta yake kwamba majibu hayajafunguliwa. Hakupiga simu. Aliichukua chupa ya damu na karatasi aliyoiandika kwa mkono, akakimbia. Kutoka maabara hadi wodi ya watoto kuna uwanja mzima wa kuvuka, na ulikuwa umejaa maji. Aliingia akiwa amelowa mpaka kiunoni, akampa daktari, akaegemea ukuta akihema. Mtoto akawekewa damu. Jioni alifumbua macho akaomba uji.

Niliposogea kwa Bwana Kasiani nikitaka kusema neno, yeye ndiye aliyetangulia.

"Mama Netiweki," aliniambia kwa upole, "goti langu halifuati viwango. Siku nyingine litanikatalia njiani."

Sista Imelda aliniita ofisini kesho yake asubuhi. Hakupaza sauti, hakuwahi kupaza. Aliniambia nikae.

"Agripina, mwanzo wa wiki ijayo narudisha majibu ya karatasi. Sikufukuzi. Lakini mtoto hawezi kusubiri mpaka kompyuta zako zipatane."

 Miaka yangu yote ya kuvuta kebo kwenye dari zenye popo ilikuwa imefika hapo. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nyuma, karibu na yale mashuka, nikalia kidogo. Nilipomaliza kulia nilikuwa nimebakiwa na kitu kimoja tu ambacho sikuwa nimekijaribu, nacho ni kile nilichoambiwa na Mwalimu Otmari nikaitikia kwa kichwa tu. Nilikwenda kuchukua laptopu yangu ya kazi, nikaiunganisha kwenye mtandao, nikaanza kusikiliza.

Kusikiliza waya si jambo la miujiza. Kuna programu inayokuonyesha kila kinachopita: nani anauliza, nani anajibu. Nikauliza mtandao swali la kawaida: anwani ya maabara ni ya nani? Kompyuta ya maabara ikajibu, ni yangu. Na hapohapo kifaa kingine kikajibu, ni yangu. Kila kifaa kina namba yake ya kuzaliwa, na mwanzo wa namba hiyo unataja aliyekitengeneza. Nikaitafuta. Haikuwa laptopu. Ilikuwa simu, ya aina ile niliyokuwa naihubiri.

Bado sikuelewa, nikadhani mwizi wangu amehamia kwenye simu. Nikaangalia imejiunga kupitia antena ipi. Ilikuwa antena ya kikanisa cha hospitali. Misa ya asubuhi ilikuwa inaendelea.

Vijana, nawaomba mkiwa na jambo la haraka namna hiyo mfikirie kwanza. Mimi niliingia kanisani na laptopu imefunguka mikononi, nikapita katikati ya mabenchi, nikawa naliinamia kila benchi na kunong'ona kwamba tafadhali zimeni simu zenu. Watu wakazima. Katekista akadhani nimeleta maneno ya nyimbo, akanisogezea kiti. Simu zote zikazimwa, na ile namba bado ikawa inajibu, anwani ya maabara ni yangu. Nikafika benchi la mbele. Hakubaki mtu mwingine ila Padre Severini madhabahuni, na Padre Severini alikuwa amenyamaza, ananitazama juu ya miwani yake. Kanisa lote lilikuwa limenyamaza pamoja naye. Nilipiga magoti, nikaifunika laptopu kwa kanga, na nikakaa hivyo mpaka baraka ya mwisho.

Katika sakristia, chumba chake cha kuvalia mavazi ya Misa, nilimwomba anionyeshe simu yake. Aliitoa mfukoni, chini ya mavazi yote yale. Nikafungua mipangilio, na anwani ya maabara ilikuwa pale, bila aibu.

"Nimekosa nini?" aliuliza.

"Si wewe, Padre. Umeipata lini hii anwani?"

Hakujua. Alikumbuka tu kwamba jana yake alisikiliza habari, kisha akaiweka simu mfukoni na hakuigusa tena mpaka alipotazama saa akiingia Misani. Hakuandika kitu chochote kwa mkono. Asingejua pa kuandika.

Ndipo nilipofanya kile ambacho nilipaswa kukifanya mwezi mzima kabla. Nilichukua simu yangu mwenyewe, ya aina ileile, nikaiunganisha, nikazima kioo, nikaiweka mezani na laptopu ikisikiliza pembeni. Nikasubiri muda wa kupanga uishe. Uliisha. Seva, kama inavyopaswa, ikahesabu kwamba chumba ni kitupu. Kisha nikawasha kioo. Simu yangu nzuri ya kisasa iliamka ikaendelea kutuma na kupokea kwa anwani ileile kana kwamba hakuna kilichotokea. Ilipolala, saa yake ya kuhesabu muda wa kupanga ililala nayo. Ilikuwa inafuata kiwango ikiwa macho, na inakivunja ikiwa usingizini, na simu, kama mnavyojua, hukaa usingizini sehemu kubwa ya siku.

Yote yakajipanga. Simu inalala na anwani, seva inaipa kompyuta ya maabara anwani hiyo, watu wanatoa simu zao wakati wa chai, na wodi ikiita maabara anaitika padre. Na mimi, kwa kufupisha muda wa kupanga, nilikuwa nimefanya simu nyingi zaidi zikutwe usingizini muda ukiisha. Sikuwa na mwizi. Nilikuwa na wapangaji waliosinzia, wote nimewaleta mwenyewe kwa mahubiri.

Nilimweleza Sista Imelda hivyo hivyo, bila kuzungusha. Alisikiliza mpaka mwisho akaniuliza kama jiko la masista lilihusika. Nikasema hapana. Alifikiri kidogo, akasema atawaambia, lakini si leo.

Mtaniuliza nilitengenezaje. Nilifanya kazi ya kuinuka kwenye kiti. Simu zikapewa mtandao wao peke yao, wenye anwani nyingi na muda mrefu. Kompyuta ya maabara na za wodini zikapewa anwani za kudumu, ambazo seva haiwezi kumgawia mwingine yeyote hata ikilazimishwa. Ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo, na mngeniuliza siku yoyote kabla ya hapo ningewajibu vizuri kwamba ndivyo inavyotakiwa. Laptopu nilizirudisha kwa wenyewe mmoja mmoja, na nikajifunza kuna njia nyingi za mtu kukwambia asante huku akimaanisha kitu kingine.

Watengenezaji wa ile simu niliwaandikia, wakanijibu kwamba wamefurahi kupokea maoni yangu. Baadaye sana mfumo ukasahihishwa. Sidhani ni kwa ajili yangu. Nilijaribu tena mezani, simu ikaamka, ikaona muda umepita, ikaomba anwani upya kama mtu mwenye adabu. Lakini msistarehe. Siku hizi simu hubadilisha namba zake za kuzaliwa ili zisifuatwe, kwa hiyo mbinu yangu ya kanisani isingefika mbali, na kuna mifumo inayokataa mpaka leo njia fulani za kupewa anwani ambazo hati inaziruhusu, kwa sababu walioiandika waliona wao wanajua zaidi. Usitukane mfumo kabla ya kuusikiliza, na usiuhubiri pia. Mimi nimefanya yote mawili.

Asubuhi ya kwanza baada ya matengenezo nilikwenda wodi ya watoto mapema. Sista hakuwa amerudisha karatasi, alikuwa amenipa siku hiyo moja nijaribu. Nilikuwa nimetayarisha maneno, maana nilitarajia wataniuliza nimefanyaje, na nilishapanga niseme kwa unyenyekevu. Yule msichana wa Mbingu alikuwa amekaa kitandani analishwa uji na bibi yake. Nilisimama mbele ya kioo nikisubiri. Kengele ya chai ikagongwa, watu wakatoa simu zao mifukoni, koridoni kote vioo vikawaka. Nikashika ukingo wa meza.

Majibu ya asubuhi yakaingia. Moja, kisha mengine, kisha yote, bila kile kiduara.

Hakuna aliyegeuka. Daktari alisoma la kwanza, akaandika kitu, akaenda kitanda kinachofuata. Muuguzi alisoma la pili akaanza kuandaa dawa. Nilibaki nimesimama na maneno yangu mdomoni, mpaka yule muuguzi aliporudi akisukuma nguzo ya dripu.

"Samahani, Mama Netiweki," alisema, "umeziba njia."

Nikampisha.